Si Inawaka?

Fundi wa stima wa mitaa yetu ana jibu moja tu, na ukimuuliza lolote atakupa hilo hilo. Mbona soketi imekaa kombo? "Si inawaka?" Mbona waya wa kijani umekatwa ukafungwa tepu? "Si inawaka, mkubwa?" Mbona kuna moshi? Hapo atakuna kichwa kidogo, aangalie dari, kisha akuulize wewe: huo moshi ulipokuwa ukitoka, taa zilikuwa zinawaka? Zilikuwa zinawaka. Basi.

Sina ugomvi na mwanga. Ugomvi wangu ni kwamba kuwaka ndio mtihani wa pekee tunaoifanyia stima pande za Ruiru, na huo ni mtihani ambao hata waya wa kuanikia nguo ungefaulu. Ukichomeka chaja na simu ikalia, nyumba imepita, fundi anadai zake na lanlodi anabandika tangazo langoni. Kila kitu kinachomzuia mpangaji asife kiko upande usiowaka: waya wa ardhi, unene wa nyaya, breka, skrubu iliyokazwa ikakazika. Hayo hakuna anayeyaona, kwa hivyo hakuna anayetaka kuyalipia.

Chukua nyumba tuliyokuwa tukipanga huko, Kihunguro, ghorofa ya tatu. Vigae vya sakafuni vinang'aa hadi unajiona tundu za pua. Dari ya jipsamu imechongwa maua. Sebule nzima ina soketi moja, nayo iko nyuma ya mlango. Mlango ukifunguka wote unaigonga plagi, kwa hivyo wageni wangu huingia kwa ubavu, na akija mgeni mwenye mwili wake tunaikosa taarifa ya habari ya saa moja. Chumbani soketi iko juu kule, shubiri chache kutoka dari. Keateka wa jengo anasema ni ya televisheni ya ukutani. Kitanda kimejaza chumba chote. Hiyo televisheni ingetazamwa na nani, akiwa amesimama wapi, sijaelezwa. Ya jikoni iko juu ya sinki, kiganja kimoja kutoka mfereji, na kila nikisuuza sufuria naisuuza na yenyewe.

"Keateka, hii soketi ya jikoni inarukiwa na maji."

"Ni wewe unaosha vyombo kwa hasira, mzee."

Basi tuliishi kwa ekstensheni. Yetu moja inabeba televisheni, dekoda, friji, chaja za ukoo mzima, na saa kumi na mbili asubuhi inabeba pia birika na pasi kwa pamoja, kwa sababu mama watoto anazinyoosha sare za shule huku mimi nikiingojea chai. Hesabu yake si ya chuo kikuu. Plagi yetu ya miguu mitatu imewekewa kikomo cha ampea 13. Zidisha kwa volti 240, unapata wati 3,120, na hizo ni za ekstensheni nzima hata kama ina matundu sita. Matundu hayaongezi stima, yanaongeza tamaa. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 tayari zimeruka ukuta, na friji haijasema neno.

Ndiyo sababu ndani ya plagi kuna fyuzi. Plagi hii tuliirithi kwa Mwingereza, na kwa hili simlaumu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwao kulikuwa na uhaba wa shaba, wakaamua waya wa soketi uzunguke nyumba mara moja na kurudi ulikotoka, ili kuokoa waya. Mzunguko huo ukawekewa fyuzi kubwa ya ampea 30 pale mwanzo, na kwa kuwa fyuzi hiyo haitajali waya mwembamba wa redio yako ukiungua, kila plagi ikapewa fyuzi yake ndogo. Kiwango chenyewe, BS 1363, kilitoka mwaka 1947. Walikaa wakawaza wale watu. Mguu wa juu ni mrefu kuliko wenzake ili waya wa ardhi uguse kwanza kabla ya stima kufika. Mguu huo huo ndio unaofungua vifuniko vya matundu mawili ya chini, ili mtoto mwenye msumari akute mlango umefungwa.

Hawakumuwazia shemeji yangu. Shemeji ana chaja ya miguu miwili ya mviringo aliyoletewa kutoka Dubai, na akifika kwangu, kabla hajaketi, anaomba kalamu. Anaitia kalamu kwenye tundu la juu, vifuniko vinafunguka, anaisukuma chaja yake kwenye matundu ya chini, inakaa kiupande huku ikitoa cheche ndogo za salamu. Ulinzi wa miaka yote hiyo unashindwa na biki ya dukani. Na fyuzi ikikatika hanunui nyingine. Anakunja karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, anaisokomeza pale fyuzi ilipokuwa, anarudisha skrubu na kunitazama kama daktari aliyetoka chumba cha upasuaji. Karatasi ile haitakatika. Waya wa birika ndio utakaokatika, baada ya kuwasha mapazia.

Halafu kuna ile harufu ya samaki. Jumamosi moja tunakula sukuma wiki yetu kwa amani, Mama Mapacha wa mlango wa pili akabisha hodi na sahani mkononi. Amesikia harufu ya tilapia. Nikamwambia jirani, humu hakujaingia samaki tangu mwezi uanze. Akachungulia sufuria, akaguna, akaondoka akiamini mimi ni mchoyo. Harufu ilikuwa inatoka nyuma ya mlango. Plastiki ya soketi nyingi ikipata moto hunuka samaki, na inapata moto kwa sababu fundi hakuikaza skrubu inayoshika waya. Waya uliolegea hugusa na kuachia, hugusa na kuachia, kila mara ukizalisha joto, hadi uso wa soketi unakuwa na rangi ya chai. Taa zilikuwa zinawaka muda huo wote. Nilimwita keateka, akainusa soketi, akaniambia nifungue dirisha.

Bafuni sitaki kuingia sana kwa sababu hata kuoga sitaki kuingia sana. Shawa yetu ni ile ya umeme inayochemsha maji palepale juu ya kichwa chako. Shawa ya kilowati 5.5 inavuta karibu ampea 23, na inastahili waya wake peke yake, mnene, wa milimita za mraba 6 hivi, na breka yake peke yake. Yetu imedandia waya wa taa, ule mwembamba wa 1.5. Mwanzo breka ilikuwa ikianguka kila tukioga, malalamiko yakafika kwa lanlodi, naye akatuma fundi. Fundi akabadilisha breka ndogo akaweka kubwa. Breka haianguki tena. Waya ule ule umo ukutani, unapikika polepole, nasi tumetakiwa tushukuru.

Na ukiugusa mfereji wa bafuni shawa ikiwa imewashwa, unakutekenya. Wapangaji wote wanajua. Hakuna aliyelalamika, wamenunua patipati za mpira. Mpangaji mpya akihamia, mwenyeji wake humwonyesha pa kutupa takataka, siku ya maji, na kwamba asioge miguu mitupu. Hivyo ndivyo waya wa ardhi unavyofanya kazi katika jengo letu: unauzwa soko la Ruiru, jozi moja, una kamba mbili.

Korido nayo ilikuwa na shetani. Taa ya LED ya ghorofa yetu ukiizima haizimiki yote, inabaki iking'aa hafifu, rangi ya mwezi wa mawingu, usiku kucha. Wamama wa jengo waliifanyia maombi. Nilipojaribu kueleza kwamba fundi aliipitisha swichi kwenye waya mweusi wa nyutro badala ya mwekundu wa laivu, kwamba stima inafika kwenye taa hata ukizima na inavuja kidogo kidogo, na kwamba atakayepanda ngazi kuibadilisha akiiamini ile swichi anaweza kushuka kwa njia nyingine, niliambiwa imani yangu ni haba. Maombi yalirudiwa kwa nguvu zaidi. Taa iliendelea.

Na hii ni Ruiru, jamani! Nairobi changa ya wakoloni, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilikuwa ikivuta stima kutoka mtambo wa maji uliojengwa kwenye Mto Ruiru. Miaka ya 1920 ukaja mtambo wa Ndula kwenye Mto Thika. Siku hizi Thika kuna mtambo wa mafuta wa megawati 87. Upande huu wa nchi umewawashia wengine taa kwa zaidi ya karne, na mimi mwenyeji nilikuwa siwezi kupiga pasi na kuchemsha chai asubuhi moja.

Kwa hivyo tulipojaliwa kuanza kujenga kwenye kiploti chetu cha hamsini kwa mia, kule Ngoingwa, Thika, nilimwambia mama watoto kwamba vigae vitangoja, jipsamu itangoja, hata lango litangoja, lakini soketi za nyumba hii tutaziweka tukiwa na akili timamu. Alichukua chaki akapita vyumba vyote kuta zikiwa bado mawe ya Ndarugo matupu. Soketi pande zote mbili za kitanda. Jikoni nne juu ya meza ya kupikia, mbali na sinki. Bafuni hakuna hata moja. Sebuleni kila ukuta na yake, na nyuma ya mlango hakuna kitu.

Fundi wa kwanza aliletwa na shemeji. Hilo pekee lingenitosha kama onyo, lakini nyumbani kwangu shemeji ana mawakili. Fundi alizihesabu alama za chaki, maana malipo yao ni kwa pointi, kila taa pointi, kila soketi pointi, na nilidhani atafurahi. Aliudhika.

"Mama, hizi zote ni za nini? Mnafungua saiba?"

"Ni za kuchomeka vitu, fundi."

"Ekstensheni zimeenda wapi?"

Alitakiwa kuja kabla ya plasta, achimbe mitaro ukutani, alaze mabomba ya plastiki ya kupitishia nyaya, kisha fundi wa plasta afunike. Alikuja plasta ikiwa imekauka na kupakwa rangi ya kwanza. Mawe ya Ndarugo yanakatwa kwa mashine na yanasifiwa kwa ugumu. Aliyapiga patasi siku nzima huku akimlaumu fundi wa plasta kwa kuharakisha, na fundi wa plasta akimlaumu mama yake mzazi. Kona alizipinda kali mno, waya haukupita, akabomoa tena. Mimi niliketi kwenye mfuko wa simiti nikitazama pesa zangu zikigeuka vumbi.

Orodha ya vifaa aliyoniandikia ilikuwa fupi na nzuri: waya wa 1.5, nyumba nzima. Nikamuuliza, fundi, 1.5 si ya taa? Soketi si huenda na 2.5? Na jiko la umeme na shawa si zina zao nene? Akanitazama kwa huruma. Tofauti ya bei, aliniambia, ingetosha kununua mlango. Nilimjibu mlango haujawahi kushika moto kwa sababu ya wembamba wake, tukaachana hapo, mimi nikaenda madukani Thika mjini peke yangu.

Kununua waya siku hizi kunataka mtu aliyesomea upelelezi. Kuna waya unaouzwa kwa jina la shaba ambao shaba yake ni ya juu juu tu, ndani ni aluminiamu, na aluminiamu haibebi stima sawa na shaba ya unene huo huo. Ukikwangua kwa wembe unaona weupe. Nilikwangua. Mwenye duka akatoa macho. Kisha nikaitafuta alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango, nikaituma ile namba ya kibali kwa ujumbe kwenda 20023 nione kama kibali ni cha kweli na cha bidhaa hiyo. Foleni nyuma yangu ikaanza kuguna.

"Mzee," mwenye duka akasema, "unanunua waya ama unamchunguza mkwe?"

Nilinunua kwake, kwa sababu majibu yalikuja sawa, na kwa sababu alikuwa ameshaniharibia siku kwa kunichekesha. Soketi nazo nilizichagua zile nzito zenye vifuniko ndani, nikizichungulia moja moja. Kuna nyingine laini kiasi kwamba ukiibinya kwa vidole inaitikia.

Sasa fimbo ya ardhi. Hii ni fimbo ya chuma iliyopakwa shaba, ya mita moja na kitu hivi, inayopigiliwa ardhini nje ya nyumba. Nyaya zote za kijani zinakutana kwenye kisanduku cha breka, kisha waya mmoja unashuka hadi kwenye hiyo fimbo. Pasi yako ikiharibika ndani na stima ikagusa chuma chake, stima inapewa njia ya kukimbilia badala ya kukimbilia wewe. Fundi alipiga nyundo, fimbo ikashuka nusu, ikagoma. Nilikuwa nimesimama pale na kikombe cha chai. Hakusogea hatua moja pembeni ajaribu mahali pengine. Alichukua msumeno wa chuma, akaikata fimbo usawa wa udongo, akafuta jasho.

"Imeisha, bosi."

"Imeisha ama umeimaliza?"

"Chini ni mwamba. Hata serikali haiwezi."

Kipande alichokata alikitia begini, na sina shaka kililala kwa wanunuzi wa vyuma chakavu usiku huo. Biashara hiyo serikali iliipiga marufuku Januari 2022, baada ya minara ya stima kuhujumiwa ikaanguka na nchi nzima kuingia gizani. Marufuku ilidumu miezi michache. Fimbo yangu haikupata bahati ya kuzaliwa ndani ya miezi hiyo.

Lakini kilichonimaliza ni cheti. Ili uunganishiwe stima unatakiwa uwe na cheti kilichotiwa sahihi na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, mtu aliyeikagua na kuipima kazi. Fundi wetu leseni hakuwa nayo, jambo alilolitaja kwa wepesi, kama mtu anayesema hakuja na mwavuli leo.

"Kuna jamaa wangu ana leseni. Atatia sahihi, utamtoa na kitu kidogo. Hata hahitaji kuja."

"Sasa atajuaje nyumba iko salama?"

"Nitamwambia inawaka."

"Fundi, stima yenyewe haijaletwa."

"Itawaka."

Nilimlipa pointi zake tukaagana kwa adabu, naye shemeji akanuna hadi mwisho wa mwezi. Nikatafuta mwenye leseni yake mwenyewe. Alikuja binti mmoja, ovaroli safi, mkoba wa vifaa begani, na swali lake la kwanza lilikuwa nani aliyeifanya hii kazi. Nilipomjibu hakusema kitu, alitikisa kichwa tu, nami nikahisi bajeti yangu ikitikisika nacho.

Hakuwa na ile bisibisi yenye kitaa ambayo mafundi wengi hutembea nayo mfukoni. Alisema kitaa kile huwaka kwa kutumia mwili wako wewe unayekishika, na kinaweza kukosa kuwaka stima ikiwapo, ukaiamini, ukaingiza vidole. Yeye alikuwa na mita. Kabla ya stima kuletwa alizipima nyaya kwa volti 500 kuona kama kuna mahali zinavujishana. Ukipata chini ya megaomu moja, hapo pana ugonjwa. Kisha akaufuata waya wa kijani, soketi moja baada ya nyingine, aone kama umeungana mwanzo hadi mwisho.

Haukuwa umeungana na chochote. Fundi wa kwanza alikuwa ameuingiza kwenye kila kisanduku cha ukutani, akaukata kwa usawa, akaufunga tepu nyeusi kwa mkono safi kabisa, kazi nadhifu kuliko yote aliyoifanya katika nyumba ile. Na soketi moja ya chumba cha watoto ilikuwa imegeuzwa, nyekundu mahali pa nyeusi. Redio ingeimba humo miaka kumi bila kukosea wimbo.

Tulifungua zote. Akavua ganda la waya kiasi kidogo tu, shaba isichungulie nje ya terminali, akakaza skrubu, akavuta kila waya kwa mkono kuhakikisha hautoki. Fimbo nyingine ikaenda upande wa pili wa nyumba, palipo na udongo mwekundu na unyevu wa tangi, ikashuka yote. Shawa ikapata waya wake na breka yake. Stima ilipofika alirudi, na kabla ya kugusa soketi yoyote alizima meni swichi, akaipima mita yake kwanza mahali alipojua pana stima, akapima soketi, kisha akairudisha mita pale pa kwanza kuhakikisha haijafa katikati ya kazi. Nilimwuliza kwa nini anajisumbua hivyo. Akasema anataka kuzeeka.

La mwisho alilofunga ni kifaa cha RCD, na hapa ndipo matatizo ya nyumbani yalipoanza. Breka ya ampea 32, alinieleza, kazi yake ni kuulinda waya. Wewe mwili wako unaweza kuuawa na sehemu ya kumi ya ampea, na breka haitajua hata kama kuna msiba. RCD inalinganisha stima inayotoka na inayorudi. Zikitofautiana kwa sehemu 30 tu kati ya elfu moja za ampea, maana yake kuna inayopotelea pasipotakiwa, pengine mwilini mwa mtu, na inakata kabla hujamaliza kusema uuwi. Ina kitufe cha kuijaribu, ukibonyeza inaanguka, ukiinua inarudi. Nilikibonyeza mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Tukahamia. Wiki ya kwanza mama mkwe akaja kutubariki kutoka Murang'a, na pasi yake, maana pasi za watu wengine hazimnyooshei leso vizuri. Ni pasi ya chuma kizito, aliinunua wakati watoto wake wakiwa shule ya msingi. Akaichomeka. Nyumba nzima ikawa giza.

Nikainua RCD. Akachomeka tena. Giza. Akahamia soketi ya pili, ya tatu, ya chumbani, ya jikoni. Giza, giza, giza, giza.

"Hii nyumba mmeuziwa stima mbovu," akasema.

Nikamwambia kwa heshima zote, mama, nadhani ni pasi. Kimya kilichofuata sitakieleza. Pasi hiyo, aliniambia hatimaye, amekuwa nayo kabla hajanijua mimi, na tangu hapo haijamfanyia kitu kibaya isipokuwa kumtekenya vidole kidogo siku za mvua, jambo ambalo kila pasi hufanya.

Kikao cha familia kiliitishwa sebuleni. Shemeji alikuja na ajenda. Ilikubaliwa, bila kunihesabu, kwamba kabla ya kile kidude stima yetu haikuwa na shida. Nikawakumbusha kwamba kabla ya kile kidude hatukuwa na stima. Haikuandikwa. Shemeji akasema fundi wa kwanza anaweza kukiruka kwa waya mmoja tu, dakika tano, shilingi mia tano, na akampigia simu hapo hapo akiwa ameweka spika. "Waambie nakuja," sauti ikasema, "hicho ndicho kinawasumbua watu wengi." Mama watoto, Mungu ambariki, alisimama mbele ya kisanduku cha breka na mwiko mkononi, akasema atakayekigusa atakula kwake.

Pasi ilirudi Murang'a na matatu ya Jumatatu asubuhi, imefungwa kwenye leso. Jioni mama mkwe akapiga simu kutuarifu kwamba amefika salama, ameichomeka, na huko kwake haina shida yoyote. Amenyoosha hadi mapazia. Mama watoto alimsihi aitupe, tutamletea mpya, akajibiwa kwamba wasichana wa siku hizi hawajui thamani ya vitu. Yule fundi wetu wa ovaroli ameahidi kwenda huko wiki hii na RCD nyingine mkobani. Tumekubaliana amwambie mama mkwe kwamba inaongeza mwanga.